Namna ya Kutangaza Kijiji cha Ziwani Ukiwa Urambo

Siku hizi kila wilaya inatakiwa kuwa na kivutio, na kivutio, kwa mujibu wa kalenda za ukutani, ni maji na machweo. Machweo tunayo. Ziwa hatuna, lakini hilo lisikukatishe tamaa.

Anza na Ziwa Sagara. Lilikuwa letu mpaka Kaliua ilipomegwa kuwa wilaya mwaka 2012, likaondoka na wenyewe. Wewe andika tu kwamba liko "jirani na Urambo", na barabara usiitaje, hasa masika. Mgeni aking'ang'ania kuliona ziwa, mpeleke stesheni treni ya kutoka Kigoma inapoingia. Matenga ya migebuka yakishushwa, Ziwa Tanganyika litakuwa limemfuata lenyewe, na harufu yake juu.

Historia iweke mwishoni, kwa herufi ndogo, isije ikamvutia mtu. Usiandike kwamba Iselamagazi palikuwa makao ya Mtemi Mirambo, aliyegombana na Waarabu wa Tabora mwaka 1871 akaifunga njia ya misafara kwenda Ujiji. Wala usiseme kwamba Stanley, aliyekuwa mbioni kumtafuta Livingstone, alijiunga na Waarabu ili mtemi atiwe adabu. Wavamizi waliteka kijiji, wakabeba pembe za ndovu, wakaanza kurudi wakijipongeza. Kumbe rugaruga, askari wa Mirambo, wamelala nyasini wanawasubiri. Stanley alitoka mkuku, akaizunguka nchi kwa kusini ndipo akafika Ujiji. Ndiye mtalii wetu maarufu kuliko wote, na huduma hakuifurahia. Hata hivyo mwaka 1876 alikutana na Mirambo huyo huyo, wakachanjiana udugu, na Stanley akamfananisha na Napoleon. Hoteli gani ya Serengeti imewahi kubadilishiwa maoni namna hiyo?

Karanga nazo ziruke. Mradi wa Waingereza wa Kongwa, Nachingwea na hapa kwetu ulianza 1947, ukafa 1951 baada ya kumeza pauni zaidi ya milioni 36. Wenzetu wangejenga makumbusho. Sisi tulipanda tumbaku.

Ila bani la kukaushia tumbaku hiyo usilikose, maana hapo una machweo ya usiku kucha. Mkulima anakesha mlangoni, anachochea magogo kidogo kidogo: moto ukizidi majani yanaungua, ukilegea yanaoza, na jasho la msimu mzima limekwenda. Mgeni akitaka kupiga picha, kwanza aongeze kuni. Miti ya miombo inayoishia humo usimwonyeshe, hasa kama umeshamuuzia asali ya nyuki wa miti hiyo hiyo. Mnyweshe chai kwa matobolwa, yaani viazi vitamu vilivyokaushwa, atasahau kuuliza.

Na wewe msomaji, ukija, treni inakushusha hapa hapa. Asubuhi salimia "mwangaluka" kabla ya swali lolote, kisha omba uonyeshwe njia ya Iselamagazi. Nguo za kuogelea ziache nyumbani.