Sifa za Jirani Mwenye Besi Tano

Katika wema wote ambao binadamu aweza kumtendea jirani yake, sijaona unaofika ndani zaidi kuliko wa kuweka magitaa ya besi nyumbani na kuyafanyia mazoezi usiku. Wema mwingine huishia mlangoni. Anayekuletea futari huisubiri sahani yake. Anayekuja kukupa pole huondoka matanga yakishaanuliwa. Mpiga besi wa nyumbani hapigi hodi, hangoji kukaribishwa, habagui dini wala kabila. Hupitia kwenye tofali, hukaa kifuani na katika meno, wala haondoki mpaka yeye mwenyewe aridhike.

Nasema haya nikiwa shahidi. Nimepanga Manzese, katika nyumba ya Kiswahili ya vyumba sita, vitatu huku na vitatu kule, ukumbi katikati, na ukuta wangu ndio ukuta wake. Wapangaji wenzangu hawajapata kuniomba tubadilishane vyumba. Nadhani wanaona haya.

Kwanza niondoe dhana moja potofu. Kuna wanaodhani kwamba kupenda besi ni maradhi ya watu wachache. Sote tunaumwa; tunachotofautiana ni fedha. Wewe msomaji, hapo ulipo, unayo nafasi chini ya kitanda ambayo umekuwa ukiitupia jicho kila unapofagia, bila kukiri unaiwazia nini. Jirani yangu amekiri, basi.

Anazo tano. Ya nyuzi nne ni kwa ajili ya muziki wa dansi. Ya nyuzi tano ni kwa ajili ya injili, ambako siku hizi wapigaji hupenda kushuka chini zaidi. Ya tatu haina freti, nayo ni ya siku za huzuni. Ya nne ni fupi, ni ya safari, ingawa mwenyewe hasafiri. Ya tano aliinunua kwa sababu zile nne zilikuwa namba shufwa. Hana bendi, na hilo linampa muda wa kuzishughulikia zote kwa haki, jambo ambalo mwenye bendi asingeliweza.

Namna anavyozihifadhi inastahili kuelezwa kwa kirefu, maana hapo ndipo malezi ya mtu yanapoonekana. Shingo ya besi ni mti, na nyuzi zake nne huivuta kwa nguvu inayozidi kilo 60 mchana na usiku. Ndani ya shingo hiyo hupitishwa fimbo ya chuma ya kushindana na mvuto huo. Mti ukinywa unyevu huvimba, ukikauka husinyaa, na shingo hupinda upande wowote uipendezao. Kwa hiyo watengenezaji hushauri chombo kikae mahali penye unyevunyevu wa asilimia 45 hadi 55. Dar es Salaam, kama kila mwenye shati anavyojua, haina nia ya kushuka kiasi hicho. Jirani yangu hakulalamika. Feni ya pekee ya chumba aliielekeza kwa magitaa, na watoto akawahamishia ukumbini juu ya mkeka, ambako upepo wa mlango wa mbele hukutana na ule wa uani, kwa faida kubwa ya mapafu yao. Kisha, kwa kuwa mchele hufyonza unyevu, alitia nusu kilo ya mchele wa Kyela katika soksi safi ndani ya kila begi. Mchele wa bei ya chini ungefaa vilevile, lakini yeye si mtu wa kubahatisha. Shemeji, mkewe, amekuwa hodari sana wa ugali.

Mbili zimetundikwa ukutani kwa kulabu, kwenye ule ukuta wetu wa pamoja, na ncha za skrubu zimechungulia upande wangu. Mimi nimeshapata pa kuanika taulo. Moja imesimama kwenye stendi katikati ya chumba, kila mtu huizunguka, na hivyo familia hufanya mazoezi ya viungo pasipo gharama. Moja iko chini ya kitanda, ambacho kimeinuliwa kwa matofali matatu kila mguu, na kukipanda kunahitaji moyo. Ile ya tano imo katika sanduku gumu nyuma ya mlango, nao mlango sasa hufunguka nusu. Wageni huingia kwa ubavu. Mjomba mmoja mnene hajaonekana tangu sanduku lilipokuja, na gharama za soda zimepungua.

Hapa yafaa tumkumbuke Leo Fender, fundi wa Fullerton, California, ambaye mwaka 1951 aliitoa Precision Bass. Kabla yake wapiga besi wengi walitumia lile dude la kusimama wima, refu kuliko mpigaji, ambalo halikuingia chini ya kitanda chochote na ambalo, bendi ikichangamka, halikusikika vizuri. Fender alitibu yote mawili kwa mpigo mmoja: alifanya besi iwe ndogo ya kutosha kuingia nyumbani na yenye sauti ya kutosha kutoka humo. Mwenyewe hakujua kupiga gitaa. Sijui kama alikuwa na majirani.

Wasiojua sayansi ya sauti humwambia mpiga besi, “Jirani, pigia chumbani kwako.” Maneno hayo yanasikitisha. Uzi wa nne, ule mnene kuliko wote, uitwao E, hutetemeka mara 41 kwa sekunde, na wimbi lake hewani lina urefu unaozidi mita nane. Chumba chake ni futi kumi kwa kumi. Kumtaka mtu aitimize noti hiyo ndani ya chumba kimoja ni kumtaka avae kanzu ya mtoto. Noti kama hiyo inahitaji chumba chake, changu, na sehemu ya uani. Tena sauti nyembamba huzuilika kwa ukuta, lakini nzito huutikisa ukuta wenyewe, na ukuta ukishatikisika huwa ni spika. Pale zege na tofali vinapojitahidi kukataa, dari hukubali, maana katika nyumba zetu kuta za vyumba hazifiki kwenye bati, na hewa iliyo juu ya dari ni mali ya wapangaji wote.

Lakini kinachonishangaza zaidi ni uzi wa A. Huo hutetemeka mara 55 kwa sekunde, na chumba cha futi kumi, kwa bahati njema, ndicho chenye kipimo cha kuupokea: wimbi lake husimama kati ya kuta mbili, likawa na nguvu kubwa kabisa ukutani na dhaifu kabisa katikati. Naye huketi katikati, kwenye kigoda, kando ya ile stendi. Kwa hiyo yeye ndiye anayeusikia kidogo kuliko wote, huongeza sauti kwa unyenyekevu, na sisi tuliolaza vichwa ukutani tunapata fungu nono. Ni wakarimu wangapi mnaowajua ambao hugawa chakula mpaka wao wenyewe wakabaki na njaa?

Vyombo vya ndani navyo vimepata elimu. Kifuniko cha sufuria langu huitikia A. Vioo vya luva vya dirisha la mama wa chumba cha mbele huitikia G. Bati lililolegea juu ya choo huitikia noti nyingi, halina msimamo. Mama huyo, ambaye hakusoma muziki hata siku moja, sasa akikaa nje akichambua mchicha hutamka kwa uhakika, “Leo uzi umelegea, vioo vyangu havijalia.” Na jirani hukagua, akakuta ni kweli.

Sasa niseme kuhusu mazoezi yenyewe. Huyapiga bila mwimbaji, bila solo, bila ngoma; besi peke yake, tena kipande kilekile. Wimbo wenyewe hatuujui hadi leo. Mzee wa chumba cha nyuma anashikilia kwamba ni wimbo wa kwaya. Kijana wa bodaboda anaapa kuwa ni wa Kikongo, tena umekaribia sebene. Mabishano hayo yamewaleta pamoja watu ambao kabla ya hapo hawakuwa na la kuzungumza ila bili ya maji. Kipande kina mahali ambapo kidole chake hujikwaa, kisha huanza upya tangu mwanzo. Tumelikariri kosa hilo sote, watoto hulipiga kwa mdomo wakienda shule, na usiku mmoja alipolipita salama nyumba nzima ilikaa macho, ikiogopa kwamba kuna jambo limempata.

Vipokea sauti vya masikioni anavyo. Vimening'inia msumarini, vipya, ndani ya mfuko wake wa plastiki. Kuvivaa ni kula peke yako.

Wala msidhani kwamba mzigo huu mtukufu anaubeba peke yake. Amplifaya yake, yenye spika ya inchi 15, inakula umeme wa LUKU, na LUKU yetu ni moja, tunachanga sawasawa. Mwezi uliopita yule kijana wa bodaboda, ambaye ana taa moja na chaja ya simu, alichangia muziki kwa kiasi ambacho hata matajiri hawachangii. Hakupewa cheti. Nimeona niandike hapa ili walau jambo hilo lijulikane.

Serikali nayo inaelewa. Kanuni za mwaka 2015 chini ya Sheria ya Usimamizi wa Mazingira zinahusu udhibiti wa kelele na mitetemo pia. Neno hilo la pili linaonyesha kwamba aliyeziandika alikuwa na jirani wa namna yangu. Hata hivyo sheria na vipimo vyake ni vya kiungwana. Kelele hupimwa kwa kawaida kwa mizani iitwayo A, iliyoundwa kufuata sikio la binadamu, nayo hupunguza sauti nzito sana: kwenye mitetemo 40 kwa sekunde hupunguza desibeli zipatazo 34. Maana yake, kipimo kikiletwa nyumbani kwetu wakati kifuniko changu kinacheza jikoni, huenda kikamsikia zaidi mtoto anayekohoa. Besi ni sauti ambayo mwili mzima unaijua na karatasi haina habari nayo. Unyenyekevu ulioje!

Nimebaki na huruma kwa wapigaji wa zamani, ambao hawakupata raha hizi. NUTA Jazz, iliyoanzishwa mwaka 1964 na ambayo leo tunaiita Msondo Ngoma, ilikuwa bendi ya chama cha wafanyakazi, na vyombo vilikuwa mali ya chama. Mlimani Park nayo ilipochukuliwa na Shirika la Maendeleo Dar es Salaam, ile DDC, hali ilikuwa hiyo hiyo. Mwanamuziki alikuwa mwajiriwa, gitaa ni la mwajiri. Akihama bendi, na walihama sana, alikwenda na vidole vyake tu. Wakongwe wale walilazimika kufanyia mazoezi ukumbini, pamoja na wenzao, mchana, na matokeo yake ndiyo zile nyimbo ambazo harusini hata bibi huziinukia. Huko Nairobi, Tom Malanga wa Les Wanyika alipiga besi ya “Sina Makosa” ambayo Afrika Mashariki nzima inaweza kuiimba bila maneno. Ilitoka mara moja kwenye sahani ya santuri na mambo yakaisha. Majirani zake hawakupewa nafasi ya kuisikia ikikosewa kwa miaka minne. Hata Marekani haikuwa afadhali. James Jamerson, mpiga besi wa Motown kule Detroit, alitegemea zaidi Precision moja tu, alikokota nyuzi kwa kidole kimoja, na inasemekana hakubadilisha nyuzi mpaka zikatike. Jirani yangu amefuata mfano wake katika hilo la nyuzi.

Nawaomba basi wenye nyumba waache kuandika kwenye mabango kwamba wanataka wapangaji watulivu, hawajui wanachojinyima. Nawaomba na wake wa wapiga besi wasihesabu magitaa, maana kuhesabu huleta uchungu na idadi haitulii. Na ninyi mnaogonga ukuta usiku, gongeni kwa mapigo sawasawa, kwa sababu mwenzenu hudhani mnamshikia mwendo, na mkienda ovyo anapotea na kuanza upya. Mazoezi huanza saa nne usiku, kila siku isipokuwa umeme ukikatika. Hakuna kiingilio, wala hakuna haja ya kuja. Kaeni makwenu tu, mtasikia.