Mto Mirongo Wapata Kina cha Ziwa

Kielekezi katika lugha ya C ni kigeu kinachohifadhi anwani ya kitu, si kitu chenyewe. Kwenye ATmega328P, chipu ya Arduino Uno, anwani hiyo huchukua baiti 2, na RAM nzima ni baiti 2,048. Mtaa ni mdogo, ila wanaopotea humo hawaishi.

Strakti hukusanya data za aina mbalimbali chini ya jina moja. Tuseme kifaa kimefungwa darajani Mirongo, jijini Mwanza, kupima mto: kina kwa sentimita, baiti 2; joto la maji, baiti 1. Kwenye ATmega328P strakti hiyo ni baiti 3 kamili. Kielekezi chake kikiongezwa 1 hakisogei baiti moja, bali huruka zote 3 na kutua kwenye kipimo kinachofuata.

Kizaazaa huanza baiti hizo zinapohamishiwa kwenye STM32, chipu yenye kiini cha ARM. Huko kompaila hutaka namba ya baiti 2 ianzie kwenye anwani shufwa, hivyo huongeza baiti tupu na strakti kuwa 4. Kielekezi sasa kinaruka 4 juu ya data zilizopangwa kwa 3.

Kipimo cha kwanza husomeka sawasawa, fundi asije akashtuka mapema. Cha pili huokota baiti ya juu ya kina, yaani 0, pamoja na joto, 27. Kwa kuwa baiti ndogo hutangulia, 27 huzidishwa kwa 256. Mto wa sentimita 60, unaovukwa na mbuzi, hutangazwa kuwa na kina cha sentimita 6,912. Ni mita 69, na Ziwa Victoria linaloupokea lina takriban mita 80 tu penye kina kirefu kabisa. Joto nalo huokotwa kwenye kina cha kipimo cha tatu: nyuzi 60, maji ya kunyonyolea kuku.

Onyo halitoki, maana kila anwani iliyosomwa ipo. Dawa ni kutuma baiti moja moja kwa mpangilio uliokubaliwa, kisha kuziunganisha upya upande wa pili.

Kielekezi kitupu, yaani kisichoelekeza kwenye kitu chochote na chenye anwani 0, nacho kina vituko vyake. Kwenye kompyuta ya mezani, mfumo endeshi huisimamisha programu inayokitumia. Kwenye ATmega328P anwani 0 ni rejista R0: kinachoandikwa hupokelewa, kilichokuwamo hufutika, na kifaa huendelea na kazi kikiwa na sura ya mzima. Kwa hiyo kielekezi hukaguliwa kabla ya kutumiwa.