Barua ya Wazi kwa Mamlaka Husika

Kwa Mkuu wa Mamlaka Husika,
Popote Ulipo.

YAH: OMBI LA KUPELEKEWA KELELE WANANCHI WA KATA YA RUGU

Tafadhali husika na kichwa cha habari hapo juu.

Mheshimiwa, nimerudi Dar es Salaam salama baada ya wiki kadhaa ukweni, kata ya Rugu, wilayani Karagwe. Kabla sijalala (sijalala tangu nirudi) nimeona nikufikishie hali ya kusikitisha ya wananchi wa huko. Kelele haziwafikii. Saa tatu usiku mtu yuko kitandani, anaisikia mvua ikija juu ya migomba kabla haijagonga bati. Asubuhi jirani anamsalimia jirani kutoka upande wa pili wa shamba, bila kupaza sauti, na anaitikiwa. Mzee akikukaribisha anakupa kahawa ya kutafuna. Mnakaa, mnatafuna, hakuna anayekimbilia kuwasha redio. Hata rubisi inanyweka hivyo hivyo. Siku za mwanzo nilikosa usingizi kwa ukimya. Baadaye nikazoea, na hapo ndipo nilipoharibika.

Huku kwetu umetutendea haki. Maji hutoka kwa zamu, umeme hukatika, lakini kelele hazijawahi kuwa na mgao. Umeme ukienda tu, jenereta ya baa inaingia kazini na kuchangia ya kwake. Wala hatulipii kuunganishiwa. Saa kumi na mbili asubuhi anapita muuza dawa ya kunguni, kipaza sauti begani, sauti imerekodiwa: panya, mende, kunguni, viroboto, halafu panya tena. Mwenyewe kaziba masikio kwa pamba. Usiku ni singeli, na spika zimeelekezwa barabarani ili wateja walioko ndani waweze kuongea. Vijiko vyangu kabatini vinajua nyimbo zote.

Wapo wakorofi wanaodai kuna Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004, na kanuni za mwaka 2015 za kudhibiti kelele na mitetemo, zenye viwango vya mchana na vya usiku. Nami nikajitia ukorofi. Ofisi ya kwanza, ambayo sitaitaja, ikanitaka nilete vipimo vya desibeli. Ya pili ikanirudisha ya kwanza. Ya tatu nikakuta kijana mwenye adabu zake, akanieleza kwamba malalamiko hupokelewa saa za kazi. Saa za kazi huisha saa tisa na nusu alasiri. Baa hufungulia spika saa tatu usiku. Ofisi zote tatu zilikubaliana jambo moja tu: suala langu ni la mamlaka husika. Ndiyo maana nakuandikia wewe.

Usidhani watu wa Karagwe ni washamba wa kelele. John Hanning Speke alipofika kwa Omukama Rumanyika mwaka 1861 alizikuta ngoma za ikulu, tena nyingi, zikipigwa mwezi unapoandama. Mfalme mzima, mwenye wapiga ngoma wake na nchi yake, akaridhika na mara moja kwa mwezi! Mwenye baa wa mtaani kwetu, mwenye spika mbili na leseni ya vinywaji, hutupigia kila siku iendayo kwa Mungu.

Kwa unyenyekevu basi, naomba spika hizo mbili zihamishiwe Rugu, ikiwezekana pamoja na jenereta yake. Wao watapata maendeleo, nasi tutavumilia upungufu huo kwa moyo wa kizalendo. Zikiharibikia njiani hatutadai fidia.

Nasubiri majibu yako, ila yawe ya maandishi. Ukipiga simu nitapokea, lakini sitakusikia.

Wako mtiifu,
Mpangaji, chumba kinachopakana na baa,
Dar es Salaam.