Adui Hewa

Nimepigwa na mtu asiyeonekana, sebuleni mwangu, hapa hapa mtaa wa West Indies, Eldoret, Jumamosi saa kumi alasiri, na hakuna aliyenionea huruma. Mama watoto alichungulia mlangoni, akanikuta nimesimama namfokea mpwa wangu, akauliza nani amekufa. Nikamwambia bado, ila nimebakiza pointi nne za uhai. Akarudi jikoni kukanda chapati.

Chanzo cha yote ni huyo mpwa. Alimaliza Kidato cha Nne, akaja kukaa kwetu akingoja matokeo. Badala ya kubeba sweta za kumfaa mtu anayehamia Eldoret, mji ulio mita 2,100 hivi juu ya usawa wa bahari, akabeba mfuko wa dadu. Si dadu za ludo tulizozizoea. Hizi zina pande nne, nane, kumi na mbili, na iko moja ya pande 20 ambayo ikiingia chini ya kochi, wazee wazima tunapiga magoti na tochi ya simu. Mchezo wenyewe unaitwa Dungeons & Dragons. Ulitolewa Marekani mwaka 1974 na Gary Gygax na Dave Arneson, na hadi leo sijaelewa nani hushinda. Mmoja anasimulia, wengine mnasema mnataka kufanya nini, kisha dadu inaamua kama mmeweza.

Kwetu msimulizi ni mpwa wangu. Mimi ni shujaa mwenye shoka. Jirani yangu anayeuza vipuri vya magari ni mwizi, na kwa ajili ya ujirani mwema nitaliachia hapo. Binti yake ndiye mchawi. Ramani tunaichora nyuma ya kalenda ya mwaka jana, miraba mitupu, kila mraba futi tano. Sisi ni vifuniko vya soda, maadui ni maharagwe.

Tulikuwa tunaenda vizuri mpaka haragwe moja, mlozi wa upande wa pili, likanywa dawa ya kutoonekana.

"Anko, humwoni tena," akasema mpwa wangu.

"Namwona. Yule pale karibu na kikombe changu."

"Wewe unamwona. Shujaa wako hamwoni."

Basi nikajifanya simwoni, lakini kwa bahati shoka langu likawa linaelekea kwenye kikombe kila zamu. Kijana akachoka na bahati yangu. Akaliokota lile haragwe, akalitia mfuko wa shati, akaanza kuandika mahali lilipo kwenye kikaratasi alichokificha kwa kiganja kama mtu anayefanya mtihani. Tangu hapo nikawa napigana na mfuko wa shati.

Kanuni, kusema haki, si mbaya. Kutoonekana si kutokuwepo. Mtu aliyekunywa dawa bado anahema, bado anakanyaga tope, bado joho lake linachakarisha majani. Asipojificha kwa makusudi, unajua yuko mraba gani, ila ukitaka kumpiga unarusha dadu ya pande 20 mara mbili na kuchukua namba ndogo. Yeye akikupiga anarusha mara mbili na kuchukua kubwa. Akijificha na kunyamaza kabisa, hapo unakisia mraba, na ukikosea umekata upepo. Toleo la mwaka 2000 lilikuwa na njia nyingine: hata ukiupata mraba, nusu ya mapigo yako yanapotea hewani. Naona waandishi wa vitabu vya mchezo huu hawajawahi kupenda watu wenye shoka.

Nikarusha. Kumi na nane! Nikaruka na kiti.

"Na tatu," akasema kijana. "Tunachukua tatu, Anko."

Sisi Wakenya hatukupaswa kushindwa na jambo hili. Tumeishi na wafanyakazi hewa miaka yote. Mfanyakazi hewa haonekani kazini, hana kiti wala kikombe, lakini mwisho wa mwezi mshahara wake unatembea. Ukimtafuta yeye hutampata. Unafuata nyayo za pesa. Nikawaza, nami nimtafutie huyu mlozi nyayo. Nikatangaza kwa sauti ya ushindi kwamba namwaga unga chumba kizima, tumwone akiacha alama.

"Unga upo kwenye mzigo wako?"

Nikatazama karatasi yangu ya mali. Kamba, futi 50. Mienge kumi. Mkate mkavu. Hakuna unga. Mimi, mtu wa Uasin Gishu, kaunti inayolima ngano na mahindi ya kulisha nchi, nimeingia vitani bila unga! Jikoni mama watoto alikuwa na pakiti nzima, lakini nilivyoelezwa, ule si unga wa shujaa wangu.

Tukamtegemea mchawi wetu, ambaye ana uchawi wa kuona visivyoonekana. Akautumia, akamwona mlozi waziwazi, tukashangilia. Kumbe kitabu chetu ni cha mwaka 2014, na kilivyoandikwa, anayemwona naye bado anarusha mara mbili na kuchukua ndogo, kwa sababu adui "haonekani", na maandishi ni maandishi. Binti anamwona kabisa lakini anampiga kama kipofu. Mpwa wangu alisoma kifungu kile kwa uso wa wakili. Toleo la 2024 lilirekebisha jambo hilo. Nyumbani kwangu halijafika.

Nami nilijaribu kutoonekana, msidhani sikujaribu. Nilipata dawa yangu, nikanyata katikati ya mazimwi watano, nikampasua wa kwanza kwa raha zote. Ndipo nikaambiwa dawa ile huisha mara tu ukishambulia. Hapo ndipo pointi zangu zilipobaki nne.

Nikamkumbuka mtu wa riwaya ya H. G. Wells, yule asiyeonekana wa mwaka 1897. Watu hudhani alistarehe. Dawa yake ilificha mwili peke yake, nguo hazikufichika, kwa hiyo alitembea uchi London katikati ya majira ya baridi, akipiga chafya, na nyayo zake zikimsaliti. Angejaribu hapa kwetu mwezi wa Julai angejisalimisha kabla ya saa mbili usiku. Wells huyohuyo, mwaka 1913, alitoa kitabu cha kanuni za kupiganisha askari wa kuchezea sakafuni. Nimemsamehe, kwa sababu askari wake walionekana.

Mlozi wetu hatukumuua. Zamu ya mwisho nilikisia mraba wa kabati, kumbe alishatoka mlangoni zamu mbili nyuma, na kikaratasi nikaonyeshwa. Haragwe lenyewe lilisahaulika kwenye mfuko wa shati, likafuliwa Jumatatu.

Jumamosi ijayo tunaendelea. Nimeshaandika kwenye karatasi yangu ya mali, kwa kalamu ya wino, na mpwa wangu ametia sahihi: unga wa ngano, kilo mbili.