Shangazi Mjuzi: Mmea Chumbani

Shangazi, nina mmea kwenye ndoo nyuma ya pazia. Umeanza kutoa maua, majani ya chini yamegeuka manjano, na jirani ananusanusa. Nifanyeje? — Mwenye Ndoo, Kipsongo

Mwanangu Mwenye Ndoo,

Hukutaja ni mmea gani. Shangazi wa kawaida angeuliza. Mimi nilijua kabla ya kufungua bahasha, maana pua hii inaheshimiwa kuanzia Kipsongo hadi Bungoma. Sokoni wauza omena huniita niamue ipi ni ya jana. Lakini leo si siku ya kujisifu.

Basi, nyanya zako. Ndiyo, nyanya! Sheria ya dawa za kulevya ya mwaka 1994 haiulizi kama bangi imo kwenye ekari au kwenye ndoo, na Marasta waliokwenda Mahakama Kuu mwaka 2021 kuomba ruhusa walikuwa na wakili. Wewe una pazia.

Nyanya haijali usiku ni mrefu au mfupi. Ule mmea mwingine, tusioutaja, ndio hungoja giza refu, na huku karibu na Ikweta usiku ni saa kumi na mbili hivi mwaka mzima, kwa hiyo huchanua bila kubembelezwa. Haya nimeyasoma tu. Mimi msomaji sana. Watafiti wa Kitale walitoa mahindi ya H611 mwaka 1964 bila kunishauri, na nimeshawasamehe.

Umanjano? Pengine unamwagilia kupita kiasi, mizizi inakosa hewa. Toboa ndoo chini. Samadi punguza: ikizidi utavuna majani tupu. Usiku sogeza ndoo mbali na mabati, maana baridi ikishuka chini ya nyuzi 13 maua hupukutika, na Kitale tuko mita 1,900 hivi juu ya bahari, hatuchezi na baridi.

Chumbani hakuna nyuki wa kutikisa chavua. Dawa: redio, rhumba, besi mpaka sufuria zicheze. Mimi huimba mwenyewe, na nyanya zangu huzaa kwa woga. Huna redio wala sauti? Gonga kikonyo cha maua kwa kidole saa sita mchana.

Jirani mpelekee nyanya. Hazitoki? Basi ndoo haina nyanya. Ng'oa leo, panda upya kesho. Matatu ya Bungoma inapiga honi, nimealikwa kuonja chapati. Barua nyingine uandike kwa wino unaosomeka.