Namna ya Kusoma Habari ya "Chanzo Chetu cha Ndani"

Kwanza kabisa, weka simu chini. Habari inayosema mchezaji "atafungiwa miezi sita, kwa mujibu wa chanzo chetu cha ndani" haitachacha ikilala hadi kesho, na kundi lenu la WhatsApp litaishi bila wewe kuwa wa kwanza kuirusha.

Pili, tafuta chanzo hicho kimekaa upande gani. Kesi ya nidhamu haina watu wengi: yupo anayeshtaki, yupo anayeshtakiwa, ipo kamati, wapo mawakili na mawakala wanaozunguka katikati. Siri ikivuja, mara nyingi imevujishwa na mmoja wao, na kila mmoja ana lake analolitaka. Mwandishi makini ataficha jina lakini atakwambia "ofisa wa ligi" au "mtu wa upande wa mchezaji". Anayeandika "chanzo cha kuaminika" akaishia hapo, amekunyima hata hicho kidogo.

Tatu, kamata namba na usiiachie mpaka uione kwenye karatasi. Hapa Wamarekani wametuachia somo zuri. Januari 18, 2015, New England Patriots waliichapa Indianapolis Colts 45-7 katika NFL, ligi yao ya soka la Kimarekani. Colts walikuwa wamelalamika kuwa wapinzani wao wanatumia mipira iliyopunguzwa upepo. Kanuni inataka presha iwe kati ya pauni 12.5 na 13.5 kwa inchi ya mraba. Siku chache tu baadaye Chris Mortensen wa ESPN, akitegemea vyanzo vya ligi asivyovitaja, akaripoti kwamba mipira 11 kati ya 12 ilipungua pauni mbili kila mmoja. Mipira 11, yote pauni mbili! Namba ya namna hiyo haiachi nafasi ya kutetea mtu. Kwa mashabiki wengi, Tom Brady, nyota wa Patriots, akawa mwizi kabla uchunguzi haujakamilika.

Mei 6 ikatoka ripoti ya wakili Ted Wells, aliyepewa na ligi kazi ya kuchunguza, kurasa 243. Wakati wa mapumziko mipira 11 ya Patriots ilipimwa, kila mmoja kwa geji mbili. Katika vipimo hivyo 22, kimoja tu kilifika 10.5, yaani upungufu wa pauni mbili kamili, na geji ya pili ikausoma mpira huohuo 10.9. Ya Colts ilipimwa minne, muda ukaisha. Kwa geji moja, mitatu kati ya hiyo nayo ilikuwa chini ya 12.5. Baridi ya uwanjani hushusha presha hata kama hakuna mkono wa mtu.

Ripoti bado iliona kwamba yaelekea wafanyakazi wa Patriots walichezea mipira na kwamba Brady alikuwa na habari. Alifungiwa mechi nne, jaji akaifuta adhabu, mahakama ya rufaa ikairudisha mwaka 2016. Sibishani na hukumu. Kinachoniudhi ni kwamba vipimo viliandikwa usiku uleule na ligi ilikuwa navyo, lakini umma uliachwa na zile "pauni mbili" kwa zaidi ya miezi mitatu. Mortensen, aliyeandika kwa jina lake, ndiye aliyebeba lawama na matusi. Aliyempa namba alibaki kivulini.

Nne, usimfanye kila asiyetajwa kuwa mwongo. Mwaka 2016 gazeti la Indianapolis Star lilipofichua unyama wa Larry Nassar, daktari wa timu ya jimnastiki ya Marekani aliyewadhalilisha kingono wanamichezo, mmoja wa waliomtuhumu alifichwa jina, na alistahili kufichwa. Ila pembeni yake alisimama mtuhumu mwenzake, Rachael Denhollander, kwa jina na sura, na kulikuwa na shauri lililofunguliwa mahakamani. Yule aliyefichwa alikuwa na cha kupoteza, na maneno yake yalikuwa na cha kuyashika mkono. Hivyo viwili ndivyo vya kuvitafuta.

Basi siku kamati itakapokaa tena kuamua hatima ya mchezaji wa Simba au Yanga, subiri uamuzi ulioandikwa na kusainiwa. Na mhariri asiyeweza kukwambia chanzo chake kimekaa upande gani, usimsaidie kusambaza habari yake.