Mhadhara wa Mtaalamu Mbobezi, Aliyeombwa Aseme kwa Dakika Kumi

Mshereheshaji amesema itifaki imezingatiwa. Sikubali. Itifaki haijazingatiwa kama mimi sijatajwa nikakamilika, kwa hiyo naizingatia mwenyewe: mbele yenu amesimama Mtaalamu Mbobezi, Mshauri Mwandamizi, Mstaafu Mtarajiwa na Mkuu wa Kitengo cha Kompyuta katika ofisi moja kubwa ambayo sitaitaja, maana yenyewe imeniomba nisiitaje. Makofi, tafadhali. Na ninyi wa nyuma.

Nimechelewa saa moja na nusu, na hilo ndilo somo la kwanza. Kutoka Mwenge kuja hapa Kijitonyama nimepitia Kariakoo. Dereva alitaka kunyoosha, nikamwambia kijana, msomi hapiti njia ya mkato. Kuna Mholanzi mmoja, Edsger Dijkstra, ambaye mwaka 1956 alikaa na mchumba wake mkahawani Amsterdam, wakanywa kahawa, na kwa dakika kama 20, bila kalamu wala karatasi, akabuni kanuni ya kutafuta njia fupi kuliko zote kutoka mji hadi mji. Mpaka leo mnaifanyia mtihani. Namheshimu. Lakini mtu aliyekaa na mchumba ana haraka ya kwenda wapi? Na foleni ya Kariakoo aliijua? Naambiwa na binti wa safu ya tatu kwamba kanuni hiyo inaweza kuhesabu dakika badala ya kilomita, hata foleni ikaingizwa humo. Asante, binti. Maswali mwishoni.

Mada niliyopewa ni kusoma sayansi ya kompyuta na kujiandaa na ajira. Ni mada nzuri, tutaifikia. Kwanza historia. Kompyuta ya kwanza hapa Tanzania ilifungwa Wizara ya Fedha mwaka 1965. Mwaka huohuo nilizaliwa mimi. Wanahistoria hawajagusia uhusiano huo, nadhani ni wivu. Mwaka 1974 serikali ikapiga marufuku kuingiza kompyuta nchini. Nilikuwa na miaka tisa. Mnaelewa maana yake? Kipaji changu kilizuiwa bandarini! Bila hivyo, yule mwanafunzi wa Helsinki, Linus Torvalds, angepata wapi upenyo wa kutangaza Linux mwaka 1991, akiwa na miaka 21? Tena alisema anafanya kwa kujifurahisha tu. Leo seva nyingi za dunia zinaendeshwa na kitu cha kujifurahisha! Mimi mwaka huo nilikuwa na miaka 26 na tai nne.

Ratiba yenu nimeiona, nimesikitika. Mantiki. Nadharia ya uwezekano. Mifumo endeshi. Hifadhidata. Kijana bumu limekata wiki ya pili, anakula chipsi kavu, anakesha na desa la miundo ya data, eti ajue kupanga vitu ili vipatikane haraka. Masjala wanafanya kazi gani? Ngoja niwaonyeshe utafutaji kwa vitendo. Wewe mwenye jezi ya Yanga, andika namba yoyote kati ya 1 na 1,000,000, uifiche. Binti, kwa kuwa unapenda kusema, tafuta na wewe. Mimi naanza. Je, ni 1? Ni 2? Ni 3? Oneni utulivu. Njia hii haikosei. Ukiuliza namba moja kwa sekunde, kwa siku 11 na nusu hivi umezimaliza zote, na chakula unaletewa.

Binti yeye anauliza kama ni zaidi ya 500,000. Hapana. Zaidi ya 250,000? Ndiyo. Zaidi ya 375,000? Jamani, kila swali anatupa nusu ya namba zilizobaki! Hii si mali ya umma? Haya, naambiwa ameipata kwa swali la 20. Anasema maswali 20 yanatosha siku zote, kwa sababu ukianza na 1 ukaiongeza maradufu mara 20 unafika 1,048,576. Bahati tu. Mimi nilikuwa nimeshafika 61 na ndiyo kwanza napata kasi.

Sasa ajira. Wasifu wako, kijana, una ukurasa mmoja: aibu. Wangu una kurasa 14 na picha tatu, ya pili nikipeana mkono na kiongozi ambaye mngemtambua kama angegeuka. Kwenye lugha nimejaza saba: HTML, Windows, Excel, Kiswahili, Kiingereza, Kizaramo cha kuombea maji, na ya saba ni siri ya ofisi. Watu watawadanganya mziweke kazi zenu GitHub kila mtu azisome. Kazi isomwe ili iweje? Tangu mwaka 1996 hakuna binadamu aliyeuona msimbo wangu, na cheo nimepanda mara nne.

Na hayo mafunzo kwa vitendo, mnayoyaita fildi, ofisini kwangu yanafanyika barabara. Walikuja vijana watatu. Mmoja nilimkabidhi birika, wa pili mashine ya kudurufu, wa tatu nikampa ufunguo wa kabati la wino. Wiki ya nne yule wa birika akaweka kikombe mezani, akasema: "Shikamoo mzee. Naomba kuuona msimbo wa programu ya mishahara, huenda kuna kitu naweza kurekebisha." Nikamjazia kwenye daftari lake: "Ana nidhamu, chai yake nzuri, ila mdadisi." Baadaye nasikia kampuni moja imemchukua hata kabla hajahitimu. Walimkalisha wakampa tatizo, akaliandikia programu mbele yao, ikafanya kazi. Basi. Cheti hawakukigusa, na alikuwa amevaa ndala!

Kuna aliyeuliza mimi mwenyewe nimetengeneza nini. Nashukuru ameuliza kwa sauti ndogo. Nimetengeneza programu ya mishahara na mafao, mwaka 1996. Nafasi kwenye diski ilikuwa ghali, kwa hiyo kwa busara zangu mwaka nikauandika kwa tarakimu mbili: 96. Programu inachukua mwaka wa sasa, inatoa mwaka wa kuzaliwa, ikipata 60 unastaafu. Ilikwenda kama saa hadi tarehe 31 Desemba 1999. Mwaka huo dunia nzima ilihangaika na tarakimu hizohizo, watu wakipekua programu mstari kwa mstari. Mimi nilihudhuria semina, nikapewa na mkoba.

Januari 2000 akaja mlinzi wetu, mzee aliyezaliwa 1940, kudai mafao. Mashine ikachukua 00, ikatoa 40, ikaandika umri wake ni hasi 40. Yaani bado miaka 40 azaliwe. Kihesabu ni sahihi kabisa, aliyekosea ni karne. Nikamwambia avute subira. Suluhisho nililipata siku ileile: mama wa uhasibu, daftari kubwa, na kikokotoo. Nasema kikokotoo cha mezani, si kile cha pensheni, msianze siasa. Tangu hapo mfumo wangu haujalalamikiwa.

Mshereheshaji ananionyesha saa yake. Ni saa nzuri. Nahitimisha. Vijana, kompyuta ina kasoro moja ambayo walimu wenu hawawaambii: haina adabu. Haijui mkuu wa kitengo ni nani. Ukikosea inakuambia umekosea, mbele ya watu, kwa maandishi mekundu, na hata ukivaa koti itarudia maneno yaleyale. Ugonjwa huo nimeutafutia dawa maisha yangu yote, na dawa niliyoipata ni kutoigusa. Mimi nimefika hapa kwa dawa hiyo. Nendeni mkaitumie.

Mwisho, tangazo dogo la kiutawala. Yule mama wa uhasibu amestaafu mwezi uliopita, baada ya kujipigia mafao yake mwenyewe, na daftari halionekani. Mimi nami, kama nilivyosema, ni wa 1965, na mwaka huu wa 2025 nimetimiza 60. Nimepeleka fomu. Mfumo wangu umenijibu kwamba bado miaka 40 nizaliwe. Kwa hiyo binti wa safu ya tatu naomba asiondoke. Msimbo wote uko kwenye flashi hii hapa mfukoni, nitampa auangalie. Ila ninyi wengine tokeni kwanza, na wa mwisho afunge mlango.